Josh Gibson: Fimbo iliyomng'oa Ty Cobb miaka 77 baada ya kifo

MWISHONI mwa Mei 2024, jedwali la rekodi za besiboli ya Marekani lilibadilika bila mpira hata mmoja kurushwa uwanjani. Ty Cobb, aliyekaa kileleni mwa orodha ya wapigaji bora wa muda wote kwa zaidi ya miaka 90, akashushwa hadi nafasi ya pili.

Aliyemng'oa hakuwa kinda wa New York wala supastaa mpya wa Los Angeles. Ni Josh Gibson, mtu aliyefariki dunia Januari 20, 1947 akiwa na miaka 35 tu, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa jezi ya timu yoyote ya Ligi Kuu ya mchezo huo, MLB. Sababu ilikuwa moja: alikuwa mtu mweusi.

Mabishano yakaanza hapo hapo. Kuna waliosema haki imetendeka japo imechelewa. Kuna waliosema huwezi kumweka juu ya Cobb mtu aliyecheza mechi chache, kwenye ligi nyingine na zama nyingine.

Mashabiki wa soka wanaujua vizuri mjadala wa aina hii. Ni uleule wa Pele na mabao yake zaidi ya 1,000, ambayo mamia kati yake aliyafunga kwenye mechi za kirafiki. Ni uleule wa Dixie Dean wa Everton, aliyetupia mabao 60 katika msimu mmoja wa ligi, 1927-28, miaka michache tu baada ya sheria ya kuotea kulegezwa mwaka 1925 na mabao kuanza kumiminika England.

Ili kujua kama Gibson anastahili kukaa pale juu, inabidi kwanza kuzielewa hesabu zenyewe, kisha kumjua mtu aliye nyuma ya hizo hesabu.

Hesabu za fimbo

Besiboli ni ndugu wa kriketi. Mrushaji anasimama umbali wa mita 18 hivi, anaachia mpira kwa kasi kubwa, na mpigaji mwenye fimbo ana chini ya nusu sekunde kuamua aupige au auache. Akiupiga na kufika salama kwenye kituo cha kwanza bila wapinzani kumtoa wala kufanya makosa, hilo ni pigo halali. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote kwa raha zake. Hiyo inaitwa homurani, ndilo bao la kideo la mchezo huo.

Wastani wa mpigaji unapatikana kwa kugawa mapigo halali kwa majaribio. Anayefikisha 0.300, yaani mapigo matatu kwa kila majaribio 10, ni staa. Cobb alistaafu na 0.367. Gibson ameandikwa 0.372. Tofauti yao ni mapigo matano tu katika kila majaribio 1,000.

Kuna kipimo cha pili, kile cha nguvu. Pigo la kumfikisha mtu kituo cha kwanza linahesabiwa moja, la kituo cha pili mbili, na homurani inahesabiwa nne, halafu jumla inagawanywa kwa majaribio yote. Hapa mfalme alikuwa Babe Ruth, 0.690. Gibson ameingia na 0.718.

Yaani jamaa kawapita wawili kwa mpigo. Kampita fundi wa kupiga mara nyingi, kampita na mbabe wa kupiga mbali. Ndiyo maana ubishi ukawa mkubwa.

Wote wa Georgia

Cobb na Gibson walizaliwa jimbo moja, Georgia, kusini mwa Marekani. Cobb alizaliwa Desemba 18, 1886. Gibson alizaliwa Desemba 21, 1911 katika mji mdogo wa Buena Vista. Wanapishana miaka 25 na siku tatu, lakini njia zao hazikufanana hata kidogo.

Cobb, mzungu, alitua Detroit Tigers mwaka 1905 akiwa na miaka 18, na akacheza ligi kubwa hadi 1928. Misimu 24, majaribio zaidi ya 11,000, mapigo halali zaidi ya 4,000.

Kwa familia ya Gibson, Georgia ya wakati ule haikuwa na cha kumpa mtoto mweusi. Baba yake, Mark Gibson, alielekea kaskazini hadi Pittsburgh kutafuta kazi kwenye viwanda vya chuma, kama walivyofanya maelfu ya weusi wa kusini miaka ile. Alipopata kazi akaita familia. Josh, mkubwa kati ya watoto watatu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia ujanani.

Pittsburgh alisomea ufundi umeme. Hakumaliza. Akaenda kufanya kazi kiwandani, kisha akawa anaendesha lifti kwenye duka kubwa la Gimbels. Jioni na wikiendi alikuwa uwanjani. Mwili ulikuwa umeshajengeka: mrefu, kifua kipana, mikono ya mtu wa kazi. Mipira aliyokuwa anaipiga kwenye viwanja vya mtaani ilianza kuzungumzwa mji mzima kabla hajafikisha miaka 19.

Aitwa kutoka jukwaani

Weusi hawakuruhusiwa MLB. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Kulikuwa na makubaliano ya chini kwa chini ya wenye timu, yaliyoanza karne ya 19 na kuheshimiwa na kila mmoja. Kwa hiyo weusi wakaunda ligi zao. Ile ya kwanza iliyodumu ilianzishwa na Rube Foster huko Kansas City mwaka 1920.

Moja ya timu kubwa za weusi ilikuwa Homestead Grays, ya jirani kabisa na Pittsburgh. Julai 1930, Grays walikuwa wanacheza na Kansas City Monarchs usiku kwenye Uwanja wa Forbes Field, chini ya taa ambazo Monarchs walikuwa wakisafiri nazo. Simulizi maarufu inasema mdakaji wa Grays aliumia mkono kwa kushindwa kuuona mpira vizuri, na Gibson, aliyekuwa jukwaani kama shabiki, akaitwa chini na kupewa jezi.

Watafiti wa baadaye wameitilia shaka sehemu ya simulizi hiyo. Lakini kwamba mwezi huo kijana wa miaka 18 aliingia Grays na hakurudi tena kwenye lifti za Gimbels, hilo halina ubishi.

Nafasi yake nayo inafaa kuzingatiwa. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira unaorushwa, mechi nzima. Ni kama kipa anayepigiwa penalti mia na zaidi kwa siku. Magoti yanachoka, vidole vinavunjika. Kwa kawaida wadakaji si wapigaji wakubwa, maana mwili unaisha. Cobb na Ruth walicheza muda mwingi pembeni kabisa ya uwanja, ambako mtu anaweza kukaa dakika kadhaa bila kuguswa na mpira. Gibson alitengeneza namba zake akitokea kwenye nafasi inayoua miguu.

Mke afariki akijifungua

Mwezi mmoja tu baada ya kuingia Grays, Agosti 1930, mkewe Helen alifariki akijifungua mapacha, wa kiume na wa kike. Watoto walipona. Mmoja akaitwa Josh, kama baba. Mwingine akaitwa Helen, kama mama.

Gibson, mjane akiwa na miaka 18, hakuweza kulea watoto huku akiishi kwenye basi la timu. Wazazi wa Helen wakawachukua. Yeye akarudi barabarani. Waliomfahamu walikubaliana kwamba kuanzia pale, mpira ndio ukawa mahali pake pa kukimbilia. Alicheza kiangazi Marekani na majira ya baridi Puerto Rico, Cuba na kwingineko.

Crawfords, kikosi cha kutisha

Mwaka 1932 akahamia kwa majirani, Pittsburgh Crawfords, timu ya tajiri Gus Greenlee aliyekuwa anamwaga mkwanja. Kile kilikuwa kikosi cha balaa. Kulikuwa na mrushaji Satchel Paige, winga wa mbio Cool Papa Bell, nahodha Oscar Charleston na Judy Johnson. Watano hao, Gibson akiwemo, wote baadaye waliingizwa kwenye Jumba la Magwiji la besiboli. Ni timu chache za wazungu zilizowahi kuwa na magwiji watano kwa wakati mmoja.

Maisha yao hayakufanana na ukubwa wao. Ratiba rasmi ya ligi ilikuwa na mechi 60 hadi 80 hivi kwa msimu, nusu ya zile 154 za wazungu. Lakini mechi za ligi hazikutosha kulipa mishahara. Kwa hiyo timu ilizunguka na basi kijiji hadi kijiji, ikicheza na timu za viwanda, timu za wanajeshi, timu za mitaa, wakati mwingine mechi mbili hadi tatu kwa siku moja. Hoteli nyingi ziliwakataa. Walilala kwenye basi, wakala kwenye basi.

Mechi hizo ndizo zinazoleta utata mkubwa kwenye takwimu za Gibson. Bamba lake pale Jumba la Magwiji linampa karibu homurani 800, zikiwemo zile za mechi za kuzunguka. Jedwali rasmi la MLB linampa chini ya 200, kwa sababu linahesabu mechi za ligi tu. Ni hesabu za Pele kabisa. Anayetaka 800 anazo, anayetaka za ligi pekee anazo, na wote wawili hawadanganyi.

Je, aliwahi kupimwa na wazungu? Ndiyo, kwenye mechi za kirafiki baada ya msimu. Mwaka 1934 Crawfords walipambana na kikosi cha Dizzy Dean, mrushaji wa St. Louis Cardinals aliyetoka kushinda michezo 30 msimu huo na kutwaa ubingwa. Watu walijaa. Mechi hizo zilionyesha kwamba weusi hawakuwa wanacheza mchezo mwingine. Ni mchezo uleule, na walikuwa wanaujua.

Kwa nini zama ni ishu

Wanaopinga Gibson kukaa juu wanasema huwezi kulinganisha zama. Wana hoja. Ila hoja hiyo ikianza kutumika, haimgusi Gibson peke yake. Inawagusa wote.

Cobb alianza enzi ya mpira mzito. Mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi na laini, na warushaji waliruhusiwa kuupaka mate ili upinde hewani. Homurani zilikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1909 Cobb aliongoza ligi yake akiwa nazo tisa tu kwa msimu mzima. Kumwita Cobb hana nguvu kwa sababu ya homurani zake 117 za maisha ni kumwonea.

Mwaka 1920 mambo yakageuka. Mate yakapigwa marufuku. Agosti mwaka huo Ray Chapman wa Cleveland alipigwa na mpira kichwani na kufariki, na baada ya hapo waamuzi wakatakiwa kubadilisha mipira michafu mara kwa mara. Mpigaji akawa anaona mpira mweupe, mgumu, unaoruka. Msimu huohuo Ruth akapiga homurani 54, nyingi kuliko timu nzima nyingine yoyote ya ligi yake.

Mwaka 1930 wastani wa wapigaji wote wa National League, wazuri na wabovu, ulikuwa 0.303. Mwaka 1968, ilipokuwa zamu ya warushaji kutawala, bingwa wa kupiga wa American League, Carl Yastrzemski, alichukua taji akiwa na 0.301. Yaani bingwa wa 1968 angekuwa mchezaji wa kawaida tu mwaka 1930. Je, alikuwa wa kawaida? Hapana. Mwaka uliofuata wakuu wa ligi walishusha kichuguu anachosimamia mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji wapumue.

Ndiyo maana wataalamu wa takwimu walibuni njia ya kumpima mtu dhidi ya wenzake wa msimu uleule, huku wakizingatia na ukubwa wa viwanja. Mchezaji wa kawaida anapewa 100. Kwa kipimo hicho Cobb ana 168, Ted Williams wa Boston ana 191 na Ruth 206. Gibson naye, akipimwa dhidi ya wenzake wa ligi za weusi, anavuka 200. Kwa hiyo hata ukiondoa tofauti za zama, bado yuko meza moja na Ruth.

Viwanja navyo vina maneno yake. Ruth, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, alikuwa na ukuta wa kulia wa Yankee Stadium uliokuwa chini ya futi 300 ukifuata mstari. Gibson alipiga kwa mkono wa kulia, na mechi nyingi za nyumbani za Grays miaka ya 1940 zilichezwa Griffith Stadium mjini Washington, ambako ukuta wa kushoto ulikuwa futi 400 hivi, zaidi ya mita 120. Mpira ambao New York ungekuwa homurani, Washington ungeweza kuishia mikononi mwa mdakaji wa pembeni.

Dominika, Mexico na kesi ya Posey

Mwaka 1937 Gibson alirudi Grays, lakini kabla ya kutulia akatimkia Jamhuri ya Dominika pamoja na Paige na Bell. Timu ya mji mkuu, uliokuwa ukiitwa Ciudad Trujillo kwa jina la dikteta Rafael Trujillo, ilitaka ubingwa kwa gharama yoyote. Wakauchukua. Aliporudi Marekani akamalizia msimu kwa kipimo cha nguvu cha 0.974, ambacho sasa ndicho rekodi ya msimu mmoja, juu ya 0.863 ya Barry Bonds mwaka 2001. Lakini mechi zake za ligi mwaka ule zilikuwa chache sana, na Bonds aliweka yake kwa msimu mzima, ingawa katika zama zilizotiwa doa na kashfa za dawa za kuongeza nguvu. Kila rekodi ina kovu lake.

Mwaka 1940 akaenda Venezuela na Mexico. Mwaka 1941 akarudi Mexico, kwenye timu ya Veracruz, kwa sababu mshahara ulikuwa mnono kuliko wa Grays. Mmiliki wa Grays, Cum Posey, akamfungulia kesi. Yakaisha kwa Gibson kukubali kurejea msimu wa 1942.

Mexico alipiga homurani 33 mwaka 1941. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye jedwali la MLB. Puerto Rico, msimu wa baridi uliofuata, alimaliza na wastani wa 0.480 akiwa na Santurce. Nao haumo. Wanaosema kabebwa na takwimu wasisahau kuwa sehemu kubwa ya ubora wake imebaki nje ya hesabu.

Kichwa kinauma, fimbo haisikii

Siku ya Mwaka Mpya wa 1943 Gibson alianguka na kupoteza fahamu. Madaktari wa Pittsburgh wakagundua uvimbe kwenye ubongo na kushauri upasuaji. Akakataa. Inaelezwa alihofia kuamka akiwa mtu asiyejielewa.

Miezi michache baadaye msimu ukaanza, na huo ndio ukawa msimu wake mkubwa kuliko yote: wastani wa 0.466, ambao leo ni rekodi ya msimu mmoja, mbele ya 0.440 ya Hugh Duffy iliyodumu tangu 1894. Kwa kulinganisha, mtu wa mwisho kufikisha 0.400 MLB ni Williams, aliyepata 0.406 mwaka 1941. Hata hapa hesabu inahitaji maelezo. Williams alifanya hivyo katika ratiba ya mechi 154, Gibson katika mechi zisizofika 80. Kadiri mechi zinavyokuwa chache ndivyo wastani unavyoweza kupaa au kuporomoka. Lakini Williams hakuwa na uvimbe kichwani.

Grays walitwaa ubingwa wa dunia wa ligi za weusi mwaka 1943 na 1944, mara zote wakiwafunga Birmingham Black Barons. Pembeni ya Gibson alikuwepo Buck Leonard, na magazeti ya weusi yaliwafananisha wawili hao na Ruth na Lou Gehrig wa Yankees.

Nje ya uwanja mambo yalikuwa yanaharibika. Maumivu ya kichwa hayakukoma. Pombe ikaongezeka. Kuna nyakati alilazwa hospitali Washington na kutolewa kwenda kucheza. Magoti yakachoka. Mwili uliokuwa kama mlima ukaanza kupungua.

Mlango unafunguliwa kwa mwingine

Inasimuliwa kwamba Clark Griffith, mmiliki wa Washington Senators na uwanja ambao Grays waliukodi, aliwahi kuwaita Gibson na Leonard ofisini na kuwauliza kama wangependa kucheza ligi kubwa. Walimjibu kwamba wangependa. Hakuna kilichofuata. Senators walikuwa timu dhaifu mara nyingi, huku wapigaji wawili hatari kuliko wote mjini wakicheza kwenye nyasi zilezile siku ambazo wenyeji wamesafiri.

Oktoba 1945 Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers akamsainisha mtu mweusi wa kwanza wa zama hizo. Hakumchagua Gibson wala Paige. Alimchagua Jackie Robinson, kijana msomi, aliyetoka jeshini, mwenye afya na ambaye angeweza kuvumilia matusi. Gibson alikuwa na miaka 33, mgonjwa na mlevi. Alijua basi limeondoka.

Januari 20, 1947 alifariki kwa kiharusi Pittsburgh. Aprili 15 mwaka huohuo, chini ya miezi mitatu baadaye, Robinson akaingia uwanjani na Dodgers.

Kilichofuata ndicho kinachojibu swali la ubora wa ligi za weusi. Robinson, aliyecheza msimu mmoja tu huko, alikuwa mchezaji bora chipukizi mwaka 1947 na bingwa wa kupiga mwaka 1949. Paige alisajiliwa na Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42 na bado akatupa mipira isiyopigika. Roy Campanella, mdakaji aliyetokea ligi za weusi, alichukua tuzo ya mchezaji bora mara tatu, 1951, 1953 na 1955. Willie Mays alianzia Birmingham Black Barons. Hank Aaron, aliyevunja rekodi ya homurani 714 za Ruth mwaka 1974, alianzia Indianapolis Clowns. Ligi dhaifu haizalishi watu hao.

Kaburi bila jina

Gibson alizikwa Makaburi ya Allegheny, Pittsburgh. Kwa miaka 28 kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina. Liliwekwa mwaka 1975, miaka mitatu baada ya yeye na Leonard kuingizwa Jumba la Magwiji.

Aliyesaidia kuufungua mlango ule ni Ted Williams. Mwaka 1966, akipokea heshima yake mwenyewe, alitumia jukwaa hilo kuomba kwamba Paige, Gibson na wenzao waliokosa nafasi nao wakumbukwe. Paige akaingia 1971, Gibson 1972.

Desemba 2020 MLB ilitangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 ni ligi kuu kama nyingine. Kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn ikapitia kumbukumbu, nyingi zikiwa zimechimbuliwa na watafiti waliotumia miaka kusoma magazeti ya zamani ya weusi, mechi baada ya mechi. Mei 2024 wachezaji zaidi ya 2,300 wakaingizwa kwenye jedwali. Inakadiriwa kumbukumbu zilizopatikana ni asilimia 75 ya mechi zote za ligi hizo, kwa hiyo namba zinaweza kusogea gazeti jingine likipatikana.

Ili asionewe mtu, kamati iliweka kiwango cha chini cha majaribio 1,800 kwa wachezaji wa ligi za weusi, dhidi ya 5,000 kwa wengine. Hapo ndipo wapenzi wa Cobb wanapokaba koo. Kudumisha 0.367 kwa majaribio zaidi ya 11,000, hadi ukiwa na miaka 41, ni kazi ngumu kuliko kudumisha 0.372 kwa majaribio machache. Ni kweli kabisa.

Lakini upande wa pili nao una ukweli wake. Cobb na Ruth hawakuwahi kukutana na Paige kwenye mechi ya ligi. Kila pigo lao lilipatikana kwenye ligi ambayo sehemu ya warushaji bora wa nchi walikuwa wamefungiwa nje. Gibson naye hakukutana na warushaji bora wa kizungu kwenye ligi. Kabla ya 1947 hakuna mpigaji, mweupe wala mweusi, aliyepimwa na wapinzani wote waliostahili kumpima. Jedwali la zamani lilikuwa na sehemu tu ya wachezaji na likaitwa jedwali la wote.

Kwa hiyo nani mkali? Anayetaka mtu wa kudumu muda mrefu amchukue Cobb. Anayetaka mtu aliyeubadilisha mchezo amchukue Ruth. Anayetaka mdakaji aliyepiga kuliko wote hao huku akilala kwenye basi, akicheza na uvimbe kichwani, na kulipwa sehemu ndogo ya walicholipwa wenzake, anaye Gibson. Ubishi huo utaendelea vijiweni Detroit, New York na Pittsburgh kama ule wa Pele unavyoendelea kwingine. Tofauti ni kwamba sasa Gibson yumo kwenye orodha, na anayetaka kumpinga inabidi aanze kwa kulisoma jina lake.